Kumfuata Babu wa Marekani ya Kikoloni Hadi Kwenye Hati Zake: Mwongozo Kamili

Pwani na bara, mtu akitajwa kwa jina tupu hufuata swali: Juma yupi? Wa nani? Wa wapi? Swali hilo ndilo linalobeba kazi yote ya kumtafuta babu aliyeishi katika makoloni ya Waingereza huko Marekani kabla ya 1776. Wanaume waliitwa John, William na Thomas. Wanawake Mary, Elizabeth na Sarah. Na haikuwa ajabu kaunti moja kuwa na watu watatu wenye jina lilelile na ukoo uleule. Anayekusanya majina tu huishia kubeba babu wa watu wengine. Anayeuliza “John yupi?” humtambua mtu wake kwa shamba, majirani, mashahidi na warithi.

Mwongozo huu unazifaa zaidi familia ambazo upande mmoja wa nasaba ya mtoto unatoka Mwanza au Mombasa, na upande wa pili umekaa Marekani vizazi na vizazi. Mfano tutakaourudia ni Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Karatasi za ukoo wake zinajulikana vizuri, na mwaka 1758 yeye mwenyewe alisafiri kwenda kijiji cha mababu zake kupekua daftari za kanisa.

Kabla ya kufungua hati yoyote

Piga hesabu kwanza. Kizazi kimoja ni wastani wa miaka 25 hadi 30. Kati ya mtoto aliyezaliwa 2010 na babu aliyezaliwa 1720 kuna vizazi 10 hivi, na ukirudi vizazi 10 nyuma kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Huwezi kuwafuata wote. Chagua mstari mmoja na ubaki nao hadi ukwame.

Wape watu namba za kizazi: mtoto ni 1, mzazi ni 2, na kuendelea. Maneno kama “babu wa babu” huchanganya haraka, na wanaotafsiri kutoka Kiingereza mara nyingi huruka kizazi kizima bila kujua. Ukishuka chini, Kiswahili chenyewe kinakusaidia: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina.

Kwa kila jambo unaloliandika, weka mambo matano: hati ni ipi, inatunzwa wapi, kitabu na ukurasa, siku uliyoiona, na maneno yake yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia. Ukiandika tu “nimeona kwenye mti wa ukoo intanetini”, baada ya miezi mitatu hutajua kama aliyeuweka alikuwa na hati au alikisia. Fungua akaunti ya FamilySearch, ambayo ni bure na ina picha za mamilioni ya kurasa za mahakama na makanisa. Ancestry ni ya kulipia, ila maktaba nyingi za umma Marekani huwaruhusu wasomaji waitumie humohumo ndani bila malipo.

Kutoka leo hadi 1850

Sehemu hii ni rahisi. Sensa ya Marekani hufanyika kila miaka 10 na majina hufichwa kwa miaka 72, hivyo ya 1950 ndiyo ya karibuni zaidi iliyo wazi. Anza hapo urudi nyuma: 1940, 1930, 1920. Ya 1890 karibu yote imepotea kutokana na moto wa 1921 jijini Washington. Ziba pengo hilo kwa vyeti vya vifo, vyeti vya ndoa na orodha za kodi. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu aliye huru.

Hatari iko kati ya 1850 na 1870. Sensa hizo tatu hazisemi nani ni nani ndani ya nyumba. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa 1880. Mwanamke wa miaka 30 aliye nyumba moja na watoto wa miaka 14 na 12 huenda ni mke wa pili, na watoto ni wa marehemu. Mtoto aliye mwisho wa orodha huenda ni yatima wa ndugu. Usimwite mtu mama mpaka hati nyingine imwite hivyo.

Ukuta wa 1790 hadi 1840

Sensa hizi sita zinataja jina la mkuu wa kaya tu, wengine wanahesabiwa kwa makundi. Ya 1790 ina makundi matano: wanaume weupe wa miaka 16 na kuendelea, wavulana weupe walio chini ya 16, wanawake weupe wote pamoja, watu wengine walio huru, na watumwa.

Chora jedwali. Kila kaya unayoshuku iwe na mstari wake, kila sensa safu yake, kisha jaza idadi. Mvulana aliye chini ya miaka 10 mwaka 1800 lazima aonekane kwenye kundi la miaka 10 hadi 16 au la 16 hadi 26 mwaka 1810, au uwe na sababu ya kutoonekana kwake. Jedwali hili halithibitishi kwamba fulani ni mwana wa fulani. Kazi yake ni kuondoa wasiowezekana, na hilo peke yake linaweza kukuokolea wiki nzima.

Kurasa za 1790 za majimbo kadhaa, Virginia ikiwemo, hazipo tena. Kwa Virginia tumia orodha za kodi ya ardhi na ya mali binafsi zilizoanza 1782. Zilikusanywa kila mwaka, kwa hiyo mara nyingi zinafaa kuliko sensa yenyewe: unaweza kuona mwaka ambao kijana alianza kulipa kodi kwa jina lake na mwaka ambao baba yake alitoweka kwenye orodha.

Daraja: faili za pensheni ya vita vya mapinduzi

Ukikwama karibu na 1800, tafuta mwanaume yeyote wa ukoo huo aliyezaliwa kati ya 1740 na 1765. Huenda alipigana kati ya 1775 na 1783, makoloni yalipopigana kujitenga na Uingereza. Sheria ya pensheni ya 1818 iliwahusu maskini waliotumikia jeshi la bara (*Continental Army*), yaani jeshi la pamoja la makoloni. Ile ya 1832 ilipanua mlango kwa yeyote aliyetumikia angalau miezi sita, hata katika wanamgambo, na ya 1836 iliwafikiria wajane. Faili zenyewe zimo Hifadhi ya Taifa mjini Washington na picha zake zinapatikana mtandaoni.

Mwombaji wa 1832 aliulizwa mahakamani alizaliwa wapi na mwaka gani, kama umri wake umeandikwa mahali, na ameishi wapi tangu vita. Majibu hayo, kwa maneno ya mzee mwenyewe, yanaweza kukurusha kutoka Tennessee ya 1832 hadi kaunti ya Virginia ya 1755. Wajane waliotakiwa kuthibitisha ndoa walichana ukurasa wa kumbukumbu za familia kwenye Biblia zao wakauambatanisha, na kurasa hizo bado zimo ndani ya faili. Soma faili yote, si muhtasari. Soma pia za askari wenzake wa kikosi kilekile, maana walitoleana ushahidi na mara nyingi walikuwa shemeji na majirani.

Faili ikikosekana, usihitimishe kwamba hakupigana. Moto wa mwaka 1800 katika ofisi za Wizara ya Vita uliteketeza karatasi za awali, na wengi walikufa kabla ya 1818.

Kaunti mama

Kabla ya kutafuta hati yoyote ya kikoloni, tafuta mipaka ya mwaka huo. Familia inaweza kuishi nyumba ileile miaka 20 na hati zake zikawa katika mahakama tatu. Kaunti ya Orange ya Virginia ilikatwa kutoka Spotsylvania mwaka 1734, na mwaka 1738 ikatolewa Augusta kutoka Orange, ingawa mahakama ya Augusta ilianza kazi 1745. Mtu wa bonde la Shenandoah ukimtafuta Augusta mwaka 1740 hutampata. Karatasi zake ziko Orange. Maktaba ya Newberry ya Chicago imetengeneza atlasi ya mipaka ya kaunti za Marekani kwa tarehe, nayo ni bure. Andika kwenye karatasi yako: mwaka, kaunti ya wakati huo, mahakama zinapohifadhiwa karatasi zake. Ukishindwa kumpata mtu, rudi kwenye karatasi hiyo kabla ya kudhani amehama.

Kila koloni na desturi yake

*New England.* Haya ni makoloni ya kaskazini-mashariki, na hapa mji ndio kitovu. Massachusetts iliagiza tangu 1639 kuandikwa kwa vizazi, ndoa na vifo, na rekodi za miji mingi hadi 1850 zimechapwa vitabuni. Kwa wasomaji wa Unguja kuna uhusiano wa karibu: Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani aliyefika Zanzibar 1837, alitoka Salem, mji wa wafanyabiashara waliotuletea kitambaa cha merikani. Salem ilianzishwa 1626, na koo zake za zamani zinaweza kufuatwa kwa daftari za mji.

Daftari hizo zina mitego. Familia ilipohamia mji mpya, karani aliweza kuandika watoto wote sita siku moja, pamoja na waliozaliwa kwingine; ukiona mwandiko na wino uleule kwa miaka 12 mfululizo, jua tarehe zilitoka kwenye kumbukumbu ya mzazi. Tangazo la nia ya kuoana si ndoa. Lilibandikwa mji wa bwana na mji wa bibi, na wengine hawakufika mwisho. Vifo viliandikwa ovyo kuliko vizazi. Tafuta pia hati za kuwaonya wageni waondoke, ambazo mji ulizitoa ili usije ukawalisha wakiwa maskini. Karani aliandika walikotoka, na huenda hilo ndilo jibu pekee utakalolipata.

*Virginia.* Hakukuwa na daftari la serikali la kuzaliwa. Kulikuwa na parishi za Kanisa la Uingereza, na daftari zilizosalia ni chache. Nguvu yako iko kwenye ardhi. Tangu 1618 aliyegharamia nauli ya mtu mmoja kuja koloni aliweza kudai ekari 50, na majina ya walioletwa yaliandikwa kwenye hati za ardhi ambazo sasa zimo Maktaba ya Virginia, Richmond. Usisome mwaka wa hati kama mwaka wa kufika: haki hizo ziliuzwa na kununuliwa, na mtu mmoja aliweza kudaiwa zaidi ya mara moja. Tafuta pia vitabu vya baraza la parishi. Kila miaka minne wenye mashamba walitembea mipaka pamoja, na orodha hizo zinawataja majirani kwa mfuatano wa mashamba yao.

Kaunti kadhaa zilipoteza karatasi kwa moto. Nyingine zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili viwe salama, vikaungua humo Aprili 1865. Ukikutana na kaunti ya namna hiyo, nenda kwenye hati zilizotunzwa ngazi ya koloni, kodi za 1782 na kuendelea, na mahakama za kaunti jirani. Watu walinunua na kuuza ng'ambo ya mpaka.

*Pennsylvania.* Kuna Wakweka, yaani Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Kumbukumbu za mikutano yao ya kila mwezi ni hazina. Familia ilipohama ilipewa barua kutoka mkutano mmoja kwenda mwingine, na barua hizo zinakuonyesha njia nzima. Cheti cha ndoa kilitiwa saini na waliohudhuria, jamaa wa karibu mara nyingi wakiwa safu ya kulia chini ya maharusi. Wajerumani waliofika Philadelphia tangu 1727 walikula kiapo na majina yao yapo, lakini ni wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Mke na watoto utawatafuta kanisani.

*New York.* Hadi 1664 ilikuwa koloni ya Waholanzi, na watu walitumia jina la baba kama tunavyofanya sisi: mwana wa Pieter ni Jan Pietersen, na mwana wa Jan ni Hendrick Jansen. Jina la ukoo la kudumu lilikuja baadaye, na ndugu wa tumbo moja waliweza kuchagua koo tofauti. Faida yake ni kwamba daftari za ubatizo za Kanisa la Kiholanzi humtaja mama kwa jina la kwao, na wasimamizi wa ubatizo kwa kawaida ni babu, shangazi na wajomba.

Mirathi

Ukiwa na siku moja tu ya kutafuta, itumie hapa. Faili kamili ya mirathi ina wasia au ombi la kusimamia mali, dhamana ya wasimamizi, orodha ya mali na bei zake, hesabu, mgawanyo, na hati za ulezi wa watoto. Watu wengi husoma wasia tu na kuacha mengine. Ni kosa, kwa sababu wasia unaweza kumtaja “binti yangu Mary” bila zaidi, ilhali mgawanyo wa miaka mitano baadaye unamtaja Mary pamoja na mume wake.

Jua sheria ya mahali. Massachusetts, mali ya aliyekufa bila wasia iligawiwa watoto wote, na mwana wa kwanza akapata mafungu mawili. Virginia, ardhi yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza, hadi sheria ya 1785 iliyoanza kutumika 1787. Hivyo mwana mkubwa wa Virginia anaweza asitajwe kabisa kwenye wasia, au aachiwe shilingi moja, bila kuwa amelaaniwa: ardhi ilikuwa yake kisheria, au alikwisha kupewa fungu lake. Ukimkuta mtu anauza shamba ambalo hakuna hati ya yeye kulinunua, uliza kama alilirithi, na kutoka kwa nani. Swali hilo limefichua baba wengi.

Maneno ya wakati ule yanapotosha, kwa hiyo yazoee yalivyo:

- *Junior* na *Senior* hayamaanishi mwana na baba. Ni mdogo na mkubwa kati ya watu wa jina moja mahali pamoja, pengine ami na mpwa, pengine wasio ndugu kabisa. Mkubwa akifa, mdogo hupanda kuwa *Senior*.
- *Son-in-law* mara nyingi ni mtoto wa kambo.
- *Cousin* anaweza kuwa mpwa.
- *Now wife* ni lugha ya wanasheria kumtaja mke wa sasa. Haithibitishi kwamba aliwahi kuwapo mwingine.
- *Relict* ni mjane.
- *Infant* ni yeyote aliye chini ya miaka 21, hata kama ana ndevu.
- *Orphan* ni aliyefiwa na baba, hata mama akiwa hai.

Umri wa kisheria unakupa tarehe za kuzaliwa bila cheti. Mtoto aliyefika 14 aliweza kumchagua mlezi wake. Kuuza ardhi kulihitaji miaka 21. Virginia, mvulana alianza kuhesabiwa kwenye kodi ya kichwa akiwa na 16. Kijana aliyechagua mlezi Mei 1751 na akauza ardhi Juni 1757 alizaliwa si baada ya katikati ya 1736.

Orodha ya mali nayo inatenganisha watu. Ukiwa na John wawili, mmoja akaacha nyundo na fuawe, mwingine akaacha vyombo vya ushonaji, umewapata wawili tofauti, na hati nyingine zitawafuata kwa ufundi wao. Josiah Franklin, baba wa Benjamin, anafuatwa Boston kwa kazi ya mishumaa na sabuni.

Na usiharakishe kutafsiri mafungu. Benjamin Franklin, aliyefariki 17 Aprili 1790, alimwachia binti yake Sarah na mkwewe Richard Bache sehemu kubwa ya mali, na mwanawe William kidogo sana. William alizaliwa nje ya ndoa, lakini sababu iliyotajwa kwenye wasia ni upande aliouchagua vitani, dhidi ya baba yake.

Ardhi, na namna ya kuichora

Hati ya shamba huanza kwenye mti au mto, kisha inataja upande na umbali hadi kurudi ilipoanzia. Vipimo ni hivi: *pole* moja ni futi 16.5, kiasi cha mita 5. Mnyororo mmoja ni *pole* 4, yaani futi 66. Ekari moja ni *pole* 160 za mraba. Chukua karatasi, rula na kipima-pembe. Milimita moja iwe *pole* moja. Mstari wa “N 40° E 120 poles” ni sentimita 12, ukianza kaskazini na kugeuka digrii 40 kuelekea mashariki. Shamba la *pole* 120 kwa 80 lina 9,600 za mraba. Gawa kwa 160, unapata ekari 60. Linganisha na ekari zilizoandikwa kwenye hati.

Mchoro usipofunga, kwa kawaida karani aliruka mstari mmoja au alibadilisha mashariki na magharibi. Geuza mstari mmoja mmoja ujaribu. Tofauti ya *pole* mbili tatu ni ya kawaida, dira zilikuwa hivyo. Ukishachora la babu, chora na ya majirani waliotajwa kwenye mipaka. Yanapoungana kama vipande vya chungu kilichovunjika, umepata mtaa mzima: walioolewa humo, waliotia ushahidi, waliohama pamoja. Majirani hawa ndio hukuvusha kaunti inayofuata, maana familia hazikuhama peke yake.

Mke huonekana hapa pia. Shamba lilipouzwa, alitakiwa kuachia haki yake ya ujane ya theluthi moja, na mahali pengi alihojiwa faraghani bila mume. Jina lake la kwanza litaandikwa. Jina la kwao litafute kwenye wasia wa jirani mwenye binti wa jina hilo, kwenye zawadi za ardhi, na kwenye majina ya kati ya watoto: mwana wa Benjamin aliyekufa kwa ndui mwaka 1736 aliitwa Francis Folger, na Folger ni ukoo wa bibi yake mzaa baba, Abiah Folger wa Nantucket.

Ndoa isipopatikana, hati zinaweza kuwa hazijapotea bali hazikuandikwa kamwe. Benjamin na Deborah Read walianza kuishi kama mume na mke 1 Septemba 1730 bila sherehe, kwa kuwa mume wa kwanza wa Deborah alitoweka na kifo chake hakikuthibitika. Ungetafuta makanisa yote ya Philadelphia usingepata kitu.

Tarehe na mwandiko

Hadi 1752 makoloni ya Waingereza yalitumia kalenda ya zamani na mwaka mpya ulianza 25 Machi. Septemba 1752, tarehe 2 ilifuatwa na tarehe 14. Kwa hiyo tarehe za Januari hadi 24 Machi huandikwa na miaka miwili. Franklin alizaliwa 6 Januari 1705/06 na akabatizwa siku hiyohiyo. Kwa kalenda yetu ni 17 Januari 1706. Mtoto aliyezaliwa 20 Machi 1710 na kubatizwa 1 Aprili 1711 alikuwa na siku 12 tu. Wakweka waliita miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza ni Machi. Nakili tarehe ilivyo, kisha andika tafsiri yako pembeni. Ukiibadilisha kimyakimya, anayekufuata ataibadilisha mara ya pili.

Kwenye mwandiko, *ye* ni “the”, *ff* ni F kubwa, s ndefu inafanana na f, *Jno* ni John wala si Jonathan, na *Wm* ni William. Chukua maneno unayoyajua kwenye ukurasa huohuo, mfano jina la mwezi au la kaunti, uyatumie kujenga alfabeti ya karani yule.

FamilySearch sasa ina utafutaji unaosoma mwandiko kwa mashine katika hati za ardhi na mirathi. Usitafute John Smith humo. Tafuta jina la nadra la jirani au la kijito cha shambani, na babu ataibuka kama shahidi.

Ikiwa babu alikuwa mtumwa

Kazi hii ni nzito na inastahili subira. Sensa ya kwanza kuwataja kwa majina wengi waliokuwa watumwa ni ya 1870. Nyuma yake, anza na karatasi za Ofisi ya Walioachwa Huru (*Freedmen's Bureau*), 1865 hadi 1872, na daftari za benki yao, 1865 hadi 1874, ambazo hutaja wazazi, ndugu na pengine aliyekuwa mmiliki. Ukimpata mmiliki, nasaba ya mtu wako inapitia karatasi za mirathi za watesi wake: wasia na orodha za mali ambamo watu wameandikwa kwa jina moja na bei.

Fuata mama. Sheria ya Virginia ya 1662 ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, hivyo mama na watoto mara nyingi wameandikwa pamoja. Linganisha orodha ya baba, ya mwana na ya mjukuu wa ukoo wa mmiliki. Kundi lilelile la majina, umri ukiongezeka, ndilo familia unayoitafuta. Usidhani jina la ukoo la mtu ni la mmiliki wake wa mwisho. Waliokuwa huru Virginia walitakiwa kujiandikisha tangu 1793, na daftari hizo hueleza mtu alivyopata uhuru.

Mateka Waafrika waliofika Point Comfort, Virginia, Agosti 1619 walitoka Angola. Katika hesabu ya watu ya 1624/25 wanatajwa Antoney, Isabell na mtoto wao William, aliyebatizwa, nyumbani kwa William Tucker. Wako pia waliotoka upande wetu wa bahari: meli za New York zilinunua mateka Madagascar miaka ya 1690, na nyingine ziliwafikisha Virginia kati ya 1719 na 1721.

Kuthibitisha, na kuvuka bahari

Vipimo vya DNA vya kawaida husaidia hadi vizazi vitano au sita. Kizazi cha 8 nyuma una mababu na mabibi 256, na wengi wao huenda hawakukuachia kipande kinachopimika. Kipimo cha Y, kromosomu ambayo baba humpa mwana, hufuata baba kwa baba tu, na ni kizuri kwa kutenganisha koo mbili za jina moja. Jina peke yake halisemi kitu: wazao wa Benjamin Franklin wanaojulikana wanapitia kwa Sarah Bache, hivyo anayeitwa Franklin leo hawezi kudai kwa jina hilo. Vitabu vya zamani vya nasaba navyo vikaguliwe. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, alizitengenezea familia tajiri nasaba za uongo, na kurasa zake bado zinanakiliwa.

Usivuke bahari mapema. Meli zilitakiwa kutoa orodha za abiria kwa serikali ya Marekani tangu 1820. Kabla ya hapo orodha ni chache. Daftari za parishi za Uingereza zilianza 1538, na ndani yake kuna maelfu ya John wa umri unaofaa. Unahitaji kiungo: barua, wasia wa Uingereza unaomtaja ndugu aliye Marekani, au kundi la majirani kutoka kijiji kimoja. Samuel Lincoln, babu wa mbali wa Rais Abraham Lincoln, alifika 1637 akakaa Hingham, Massachusetts, mji uliopewa jina na watu wa Hingham ya Norfolk. Hapo ndipo pa kutafuta kwanza.

Franklin alikuwa na kiungo hicho: alijua kwamba ukoo wa baba yake Josiah, aliyehamia Marekani mwaka 1683, ulitoka Ecton, Northamptonshire. Alipofika huko 1758 alipekua daftari la parishi, akaona kwamba yeye ni mwana wa kiume wa mwisho wa mwana wa kiume wa mwisho, hivyo hivyo vizazi vitano nyuma. Aliandika kwamba daftari la Ecton lilianza 1555. Nyuma ya mwaka huo hakuandika jina la mtu.